Breki Siyo Nyutro

Maneno haya niliyasema Mwanjelwa, jijini Mbeya, mbele ya ma-DJ na maprodyuza vijana, baada ya ubishi wao kuhusu dropu, yaani pale ngoma na besi zinaporudi baada ya kukatwa katikati ya wimbo. Nimeyaandika karibu kama yalivyonitoka mdomoni.

Mugonile! Kamwene! Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Nanyi vijana mliopanda mlima Kitonga usiku mkitokea Dar, poleni na safari, na poleni na baridi yetu.

Nimekaa pale nyuma saa nzima nikiwasikiliza, na nimefurahi sana. Katika kazi hii nimezoea kusikia watu wakigombania nani kalipwa zaidi na nani kamwibia nani biti. Leo nimesikia vijana wakisimama kwenye viti kwa ajili ya sekunde 30 za muziki. Yupo atakayeona hilo ni dogo. Kwangu mimi ndiyo kazi yenyewe.

Wazee ambao hamkuufuata ubishi tangu mwanzo, suala ni hili. Nyimbo nyingi za kuchezeka za siku hizi hufika mahali ngoma na besi vikaondoka, kikabaki kinanda, au sauti ya mwimbaji, au mvumo tu kama wa upepo. Hapo tunapaita breki. Kisha ngoma na besi vinarudi kwa pamoja, ukumbi mzima unaruka. Hiyo ndiyo dropu. Vijana hawa wamegawanyika. Kundi la kwanza linasema dropu irudishe kilekile kilichokatwa, kwa sababu ndicho watu walichokikosa. Kundi la pili, na kijana yule wa koti jekundu alilisemea vizuri sana, linasema ukiwarudishia watu kitu walichokwisha kukisikia umewasubirisha bure, kwa hiyo dropu ilete kitu kipya.

Niliingia humu nikiwa wa kundi la kwanza. Nimesikiliza, na sasa nafikiri makundi yote mawili yamelipita jambo lenyewe kidogo. Yote yametazama dropu. Mimi nawaomba tutazame breki, kwa maana huko ndiko dropu inakopatikana au kupotea.

Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori la mizigo, akienda Tunduma na kurudi Dar. Likizo za shule nilikuwa nikipanda naye. Tukifika juu ya Kitonga, kabla ya kuanza kuteremka, alikuwa akipunguza gia, anaingiza ndogo, lori linalalamika, tunashuka polepole kama mtu anayeshuka ngazi na ndoo ya maji kichwani. Nikamuuliza kwa nini asitie nyutro gari likateleza lenyewe, dizeli ikaokolewa. Aliniambia, "Mjomba, ukitia nyutro, magurudumu yanaisahau injini. Na breki peke yake haiwezi kuyakumbusha."

Niliyaelewa maneno yale miaka mingi baadaye, nikiwa DJ, katika ukumbi mmoja Kihesa, Iringa. Walikuwa wanafunzi wa vyuo, wamechangamka kweli. Nikawapigia wimbo wenye breki ya karibu dakika 2: kinanda cha kupendeza, hakuna ngoma, hakuna makofi, hakuna hata kitu kidogo kinachogonga. Nusu dakika ya kwanza waliinua mikono. Ya pili, mikono ikashuka. Ya tatu nikaanza kuona mwanga wa simu kwenye nyuso zao. Dropu ilipokuja ilikuwa kubwa, spika zilitikisika, lakini waliorudi kucheza walianza kila mtu kwa mguu wake na wakati wake. Kosa lilikuwa langu. Niliwatia nyutro. Miguu iliisahau injini.

Tupige hesabu, maana hesabu hapa ni nyepesi na wengi hamuipigi. Muziki wa hausi wa mapigo 128 kwa dakika, mzunguko mmoja wa mapigo 4 unachukua sekunde 1.875. Mizunguko 16 ni sekunde 30 kamili, na mizunguko 32 ni dakika 1. Amapiano ya mapigo 112, mizunguko 16 inafika sekunde 34. Singeli ikiwa kwenye mapigo 200, mizunguko hiyohiyo 16 inaisha kwa sekunde 19. Maana yake mtu anayenakili umbo la wimbo wa hausi na kulipeleka kwenye singeli bila kubadili chochote amebadili kila kitu. Mizunguko ni ileile, lakini kiu haikupata muda wa kukomaa.

Ndiyo maana singeli nyingi hazihangaiki na breki. Muziki ule ulizaliwa kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za uswahilini Dar es Salaam, DJ akichukua kipande cha taarabu, akakizungusha na kukikimbiza, na mtu wa maiki akitiririka juu yake. Sikilizeni kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, zile zilizokusanywa na kutolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mapumziko mle ni ya kufumba na kufumbua. Ngoma zinakatwa kwa mapigo mawili matatu, sauti ya mtu inabaki inakimbia, halafu zinarudi. Hakuna aliyepoteza mguu, kwa sababu maneno ya mwimbaji yenyewe ni ngoma.

Sasa turudi kwa kijana wangu wa koti jekundu. Alitoa mfano wa amapiano. Alisema ile besi ya logidramu mara nyingi haisikiki dakika nzima ya mwanzo, pengine zaidi, na inapoingia inaingia kama mgeni, na bado watu wanapagawa. Kwa hiyo kipya kinawezekana. Ni kweli, na mfano huo ndio ulionitoa kwenye kundi langu. Lakini, kijana wangu, sikiliza tena nyimbo hizo hizo ukiwa umetulia. Kayamba linafanya nini muda wote huo? Mara nyingi halinyamazi. Ngoma kubwa inaweza kupungua, kinanda kinaweza kusinzia, lakini kayamba linaendelea kusaga. Kayamba ndiyo ile gia ndogo ya mjomba. Mchezaji anajua moja, yaani pigo la kwanza la mzunguko, iko wapi, kwa hiyo logidramu ikiingia, hata kama hajawahi kuisikia maishani, mguu wake uko tayari mahali pa kuipokea.

Hilo ndilo jambo langu. Mtu akiwa bado ameishika moja, mletee cha zamani, mletee kipya, atakipokea. Akiwa ameipoteza moja, hata ukimrudishia besi aliyoipenda kuliko zote ataichukulia kama kelele kwa mizunguko miwili ya kwanza, na mizunguko miwili hiyo ndiyo iliyokuwa dropu yako. Imeshapita.

Wala msidhani haya ni mambo ya kompyuta. Wazee hapa mbele wanayajua kwa jina lingine. Bendi zetu za dansi, enzi za upinzani wa Sikinde na Msondo, wimbo ulianza taratibu, mwimbaji anaeleza kisa chake, mashairi yanapokezana na kiitikio. Halafu linakuja chemko, ile sehemu ya kasi ya kucheza. Ndugu zetu wa Kongo wanasema sebene. Hebu kumbukeni chemko lilivyokuwa likiingia. Mara nyingi gitaa la solo lilibaki peke yake kwa mapigo machache, likitupa kifungu kimoja kifupi, tena na tena, na kile kifungu kilikuwa na mwendo mpya ndani yake tayari. Ngoma ilipoingia ilimkuta mchezaji ameshapewa taarifa. Halikuwahi kuwa shimo. Baba zetu walishusha dropu kabla sisi hatujazaliwa, bila kitufe hata kimoja.

Huko nje nako, ukifuatilia historia, utawakuta mafundi wakilikaribia jambo hilihili kwa njia zao. King Tubby wa Kingston, Jamaika, alikuwa fundi wa redio na amplifaya. Miaka ya 1970 alikaa kwenye miksa yake akitoa sauti ya mwimbaji, akitoa gitaa, akiacha besi na ngoma, kisha akirudisha kipande cha sauti kikiwa na mwangwi. Kumbuka alichokuwa akikiacha: besi na ngoma. New York, mwaka 1974, Tom Moulton alikuwa anarefusha wimbo wa disko ambao katikati ulipanda funguo ya juu, na vipande vya funguo mbili havikuungana vizuri. Akaondoa ala zote zenye sauti ya wimbo, akabakiza ngoma, kisha akarudisha ala moja baada ya nyingine. Ile iliyoanza kama kiraka ikawa sehemu ambayo wachezaji waliisubiri. Naye, tazameni, aliacha ngoma. Breki ya wakubwa wale haikuondoa mguu. Kuondoa ngoma zote na kubakiza kinanda kwa dakika nzima ni mtindo uliokuja kukua baadaye, hasa Ulaya miaka ya 1990, kwa watu wa muziki wa trance. Wanao ukumbi wao na desturi yao, na wachezaji wao wamezoea kusimama wakiangalia juu. Hapa kwetu mwezi wa sita, harusi ya nje pale Uyole, mtu ametoka jasho ndani ya koti, ukimsimamisha dakika mbili baridi inaingia mgongoni. Anarudi kwenye kiti chake na kikombe cha chai. Nimeliona hilo mara nyingi.

Yupo mmoja ambaye nampenda kwa namna ya pekee, Frankie Knuckles, aliyekuwa akipiga katika klabu ya Warehouse mjini Chicago kuanzia mwaka 1977. Inaelezwa kwamba alikuwa akizima taa zote, kisha anapiga sauti ya garimoshi linalokuja kwa kasi, watu wakahisi treni inapita katikati yao gizani. Sisi wa hapa, tunaoishi na reli ya TAZARA, tunaelewa kwa nini jambo lile liliwashika watu. Reli ikianza kulia huioni treni bado, lakini mwendo wake unao mguuni: tak-tak, tak-tak. Sauti ya treni ni mdundo. Aliwaondolea muziki akawaachia mdundo.

Niseme kuhusu sauti yenyewe, maana kuna kijana alisema hapa kwamba dropu ikiwa dhaifu unaongeza tu sauti. Ndugu yangu, hebu tusaidiane. Ukiongeza desibeli 3, amplifaya imetoa nguvu maradufu. Lakini sikio la mtu linahitaji karibu desibeli 10 ndipo liseme sauti imekuwa maradufu, na desibeli 10 ni nguvu mara 10. Kama unasukuma wati 500 wakati wa breki, unahitaji wati 5,000 kwenye dropu ili mtu aone imekuwa kubwa mara mbili. Nani kati yetu anazo? Kwa hiyo ukubwa wa dropu hauongezwi kwenye dropu. Unautafuta kwa kupunguza kwenye breki. Na hapa ndipo ninapowalaumu maprodyuza wetu wengi, kwa upendo: mnapomaliza wimbo mnaukandamiza wote, breki ikawa na kelele sawasawa na dropu, kila kitu kimegusa dari. Umepanda juu ya meza, kisha unataka kuruka juu ya meza hiyohiyo.

Kitu cha kupunguza kwanza ni besi. Kateni kila kilicho chini ya hezi 150 hivi, lakini kateni polepole ndani ya mizunguko 8, mtu asijue ni nini kinamtoka, ajue tu kwamba kifua kimekuwa chepesi. Besi ikirudi anaihisi mwilini kabla hajaisikia. Na msipime kazi hii kwa spika ya simu, nawasihi. Spika ya simu haina uwezo wa kutoa besi ile. Tena tangu mwaka 1933 watafiti Fletcher na Munson walionyesha kwamba sikio letu huzisikia sauti nzito kwa shida pale sauti ikiwa ndogo. Ukitengeneza usiku kwa sauti ya chini ili majirani walale, utaongeza besi kupita kiasi, kesho yake ukumbini itawameza wote.

Kuna suala la kimya. Wengi mnapenda kuacha pigo moja tupu kabla ya dropu. Nalipenda pia. Kwenye mapigo 128, pigo moja halifiki hata nusu sekunde. Sasa angalieni juu. Bati. Angalieni ukutani. Saruji. Humu ndani ukikata muziki ghafla, ukumbi wenyewe unaendelea kuimba kwa muda, na lile pigo lako la kimya limejaa mwangwi. Kimya ulichokisikia kwenye hedifoni hakijafika kwa mtu wa mstari wa nyuma. Katika kumbi za namna hii ama acha mapigo mawili, ama anza kupunguza mwangwi wa kinanda mapema, ama weka neno moja la binadamu mahali pa kimya. Sauti ya mtu inapenya bati. Na mvua ya mwezi wa tatu ikinyesha juu ya bati, zile sauti zenu za upepo unaopanda, mnazotia ili kumwambia mtu kwamba kitu kinakuja, zinafutika kabisa. Mvua ni upepo uleule. Nilijifunza kutotegemea kitu ambacho wingu linaweza kukichukua.

Kuhusu ile ngoma ya snea inayoanza taratibu, ikawa mara mbili, ikawa mara nne, hadi ikawa kama mashine ya cherehani, sina ugomvi nayo, lakini imechoka. Mchezaji anaijua kama anavyojua honi ya basi. Itumieni mara moja katika usiku mmoja, itafanya kazi.

Nimalizie na usiku mmoja ambao ndio ulionifundisha kuliko yote niliyoyasoma. Ilikuwa sendofu, hapahapa Mbeya. Mashangazi wa bibi harusi wameingia uwanjani, wimbo umefika kwenye breki, mkono wangu uko kwenye kitufe cha besi. Umeme ukakatika. Giza. Kila kitu kimenyamaza isipokuwa watu. Nilidhani wataguna na kukaa. Badala yake mama mmoja akapiga kigelegele, mwingine akaokota sinia akaanza kuligonga na kijiko palepale ambapo ngoma ingekuwa, na ukumbi wote ukashika makofi. Waliimba kiitikio gizani, wakakirudia, wakakirudia tena. Hakuna aliyekaa. Wengine hawakuwa wakiimba maneno, walikuwa wanahema tu kwa pamoja.

Jenereta liliwaka baada ya dakika tatu hivi. Taa zikarudi, mashine yangu ikaamka, na kila mtu akanigeukia. Mkono ulitaka kubonyeza wimbo pale ulipoishia. Nikauzuia. Makofi yao yalikuwa yamekimbia, hawakuwa tena kwenye mwendo wa wimbo wangu. Watu wakipiga makofi kwa furaha, mara nyingi mwendo hupanda. Nikavaa hedifoni sikio moja, sikio lingine kwao. Nikausogeza mwendo wa wimbo juu kidogo kidogo hadi ukalala juu ya lile sinia. Nikahesabu pamoja nao. Kisha nikaiachia besi kwenye moja yao, siyo yangu.

Kelele ile sijawahi kuisikia tena. Mashangazi walirukaruka kama wasichana wadogo. Bwana harusi, ambaye usiku wote alikuwa amekaa kama mtu aliye kwenye usaili wa kazi, alisimama. Na besi yenyewe ilikuwa ileile waliyokwisha kuisikia mara nne usiku ule, wala spika hazikuwa kubwa. Walikuwa wamelibeba pigo wenyewe dakika tatu nzima, kwa sinia na viganja, na mimi nililikuta mikononi mwao.

Kwa hiyo kijana wa koti jekundu, na wewe dada uliyelisemea kundi la kwanza, mmeniambia kila mmoja ana wimbo wake kwenye flashi. Ninaomba tufanye hivi. Tupige nyimbo zote mbili humu humu, kwenye spika hizi na chini ya bati hili. Wengine wote sukumeni viti ukutani, mcheze. Mimi sitaangalia mikono wala nyuso. Nitakaa pale chini kwenye ngazi niangalie viatu wakati wa breki. Nataka kuona ni visigino vingapi bado vinahesabu.

Dada aanze. Zimeni taa za nyuma.